“Mashine itajua yenyewe”: uongo unaowapotezea vijana kazi yao

Kila aliyeishi kambini anajua tangazo baya. Mtu anapita na megafoni na kusema: “Kesho kuko ugawaji, wenye jetoni wafike mapema.” Basi. Hakusema ni ugawaji wa nini, ni kwenye uwanja gani, ni saa ngapi, wala kama jetoni za mwezi uliopita bado zinakubaliwa. Mama anaamka saa kumi za usiku, anambeba mtoto mgongoni, anapanga mstari kwenye uwanja wa shule mpaka jua linakuwa kali. Saa sita anaambiwa kwamba ugawaji uko upande wa kanisa, kwamba ni wa mbegu, siyo wa unga, na kwamba jetoni yake ni ya zamani. Jioni watu wanasema: “Hawa wamama hawasikilizi.”

Si kweli. Mama alisikiliza. Alifanya sawasawa na alivyoambiwa, na mahali tangazo lilipoacha nafasi wazi alijaza kwa akili yake. Mwenye kosa ni aliyetunga tangazo.

Jambo hilohilo linatokea leo ndani ya ordinateri za vijana wanaojifunza kutengeneza michezo ya video kwa msaada wa akili bandia. Kijana anampa ajenti kazi, ajenti anaharibu mchezo, kijana anakasirika na kusema akili bandia ni ya wajinga. Mwalimu wake anamtuliza: “Ngoja modeli mpya itoke, itajua yenyewe.” Wote wawili wanakosea. Na kosa lao linamgharimu zaidi yule asiye na kitu: kijana mwenye ordinateri moja ya kuazima, mega za kuhesabu, na umeme unaokuja na kuondoka.

Ajenti anasikia tangazo tu

Maneno machache ya fani yaelezwe kwanza. Ajenti wa akili bandia ni programu inayopewa lengo, kisha inachagua yenyewe hatua za kufuata. Kijana anamwandikia: “Weka miti kumi pembeni ya barabara,” na ajenti anatafuta namna ya kufanya. Lakini modeli iliyo ndani ya ajenti inajua kutoa maneno tu. Ili aguse mchezo, ajenti anapewa vyombo: kimoja cha kuongeza kitu, kingine cha kukizungusha, kingine cha kukiondoa, kingine cha kuhifadhi kazi. Kila chombo ni kipande cha programu kilichoandikwa na mtu.

Kwa kawaida ajenti haoni ndani ya chombo. Anachopewa ni mambo matatu: jina la chombo, maelezo yake kwa maneno ya kawaida, na orodha ya vitu vya kujaza, kwa mfano jina la kitu na ukubwa wa pembe. Kwa mambo hayo matatu anaamua kama atumie chombo hicho ao kingine, na ajaze nini. Maelezo ndiyo tangazo lake. Tangazo likinyamaza, anakisia.

Njia hii ilianza kuenea miaka michache iliyopita. OpenAI iliwafungulia watengenezaji wa programu uwezo wa modeli kuita vyombo mwezi wa Juni 2023. Mwezi wa Novemba 2024 Anthropic ilitangaza kiwango cha wazi kinachoitwa Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, ili chombo kilichoandikwa mara moja kiweze kutumiwa na ajenti mbalimbali. Tangu hapo watu wameandika vyombo vya MCP kwa ajili ya Unity, Unreal, Godot na Blender, programu ambazo michezo mingi inatengenezwa nazo, na vyombo vingi kati ya hivyo vinapatikana bure. Godot yenyewe, iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina na kuwekwa wazi kwa wote mwaka 2014, ni ya bure pia, tena haihitaji ordinateri ya nguvu nyingi. Kwa hiyo habari hii inamhusu kijana wa Goma, Bukavu, Bunia ao Beni kama inavyomhusu yule wa Montréal. Vyombo ni vilevile. Tofauti ni nani anaweza kuvumilia hasara.

Digrii 90 zilizogeuka 117

Tuchukue mfano wa kijana anayetengeneza, kwa Godot, mchezo wa chukudu inayoshuka kutoka Kibumba kwenda Goma imebeba mashu. Kuko kona, na anataka ukuta wa pembeni ugeuzwe robo ya duara. Amemwandalia ajenti chombo kinachoitwa “zungusha”. Maelezo yake: “Kuzungusha kitu.” Vya kujaza: “kitu” na “pembe”. Ameishia hapo.

Ajenti anasoma, anaandika: kitu ni ukuta, pembe ni 90. Robo ya duara ni digrii 90, kila mtoto wa sekondari anajua. Lakini ndani ya programu ya Godot mzunguko unahesabiwa kwa radiani, siyo kwa digrii. Radiani moja ni karibu digrii 57, kwa hiyo robo ya duara ni radiani 1.57 hivi. Ajenti alipojaza 90, ukuta ulizunguka mara 14 nzima, kisha ukasimama kwenye digrii karibu 117. Umesimama mshazari, umefunga nusu ya barabara.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba kwenye dirisha la Godot ambalo kijana analitazama kwa macho, mzunguko unaonyeshwa kwa digrii. Yeye akiandika 90 pale kwa mkono, ukuta unakaa sawa. Basi anaapa kwamba ajenti ndiye mjinga. Lakini ni yeye aliyeandika chombo kinachopokea radiani na akasahau kuliandika neno hilo. Neno moja, “radiani”, lingeokoa jioni nzima.

Na pembe ni mwanzo tu. Kwenye Unity, kipimo kimoja kinachukuliwa kuwa mita moja. Kwenye Unreal, kipimo kimoja ni sentimita moja. Kwenye michezo bapa ya Godot, kipimo ni pikseli, na tena mhimili wa Y unaelekea chini: ukiongeza namba, kitu kinashuka. Sasa fikiria chombo chenye maelezo “Kusogeza kitu” na cha kujaza “umbali”. Ajenti akiandika 2, ni mita mbili, sentimita mbili, ao pikseli mbili? Akitaka kitu kipande, aongeze ao apunguze? Hata fundi wa nyumba mwenye miaka ishirini kazini, ukimwambia “kata ubao wa mbili”, atakuuliza mbili nini. Ajenti mara nyingi hataulizi. Atakata.

Kuondoa siyo kufuta

Kosa la pembe linaonekana na linarekebishwa. Liko kosa lingine ambalo halirudi nyuma.

Kijana amempa ajenti chombo kinachoitwa “ondoa_kitu”, maelezo: “Kuondoa kitu kwenye mchezo.” Kwa Kiswahili, kuondoa kunaweza kuwa kutoa hapa na kuweka pale, na kunaweza kuwa kumaliza kabisa. Godot inatenganisha mambo hayo mawili. Kuko amri inayokitoa kitu kwenye mti wa mchezo lakini inakiacha kwenye kumbukumbu, unaweza kukirudisha. Na kuko amri inayokifuta, na ikikifuta, inafuta pia kila kitu kilichofungwa chini yake. Ukifuta “Soko”, umefuta meza zake, wachuuzi wake, sauti zake, mlango wake na taa zake.

Kijana anaandika: “Ondoa soko hapo kwenye kona, linazuia njia.” Alitaka lisogezwe. Ajenti anaona chombo “ondoa_kitu”, maelezo yanalingana na neno, anakiita. Kisha, kwa kuwa amepewa pia chombo cha kuhifadhi, anahifadhi. Kazi ya majuma mawili imekwenda. Mtu atasema: si kuko kitufe cha kurudisha nyuma? Kiko, lakini kinafanya kazi kwa yale tu ambayo mwandishi wa chombo ameyaunganisha nacho. Asipoyaunganisha, kitufe hakina cha kurudisha.

Waliokimbia vita hawahitaji kuelezwa tofauti hii. Jamaa nyingi za Kivu ya Kaskazini zimehamishwa zaidi ya mara moja, na zinajua kwamba kuhamishwa ni jambo moja, na jina kufutwa kwenye liste ni jambo lingine. Anayeandika “kuondoa” bila kusema ni kupi kati ya hayo mawili ameacha uamuzi kwa yule asiyejua.

Nani analipa

Wanaosema “mashine itajua yenyewe” mara nyingi hawalipi wao. Kampuni kubwa ya michezo ina nakala za kazi kwenye mashine kadhaa, ina mtu wa kurekebisha, ina umeme saa 24. Ajenti akikosea mara tano, mara ya sita anapata, na hakuna aliyelala njaa.

Kwa kijana wa hapa hesabu ni nyingine. Modeli kubwa zinakaa mbali, kwenye mashine za Marekani na Ulaya zaidi, na kila ombi linapita kwenye intaneti. Malipo yanahesabiwa kwa tokeni, yaani vipande vidogo vya maneno yanayoingia na yanayotoka. Ajenti akikosea na kujaribu tena, kwa kawaida mazungumzo yote ya nyuma yanasomwa upya pamoja na jaribio jipya, kwa hiyo jaribio la tano linabeba uzito wa yale manne ya kwanza. Mega zinakwisha, kiwango cha bure cha siku kinakwisha, betri inakwisha. Kijana anafunga ordinateri akiwa na mchezo mbovu kuliko asubuhi, na anaanza kuamini kwamba kazi hii ni ya wazungu na wahindi. Hiyo ndiyo hasara mbaya kuliko zote. Ameacha fani kwa sababu ya sentensi tatu ambazo hakuna aliyemfundisha kuziandika.

Wenye modeli wenyewe wanasema nini

Yuko atakayejibu kwamba hii ni shida ya leo tu, kwamba modeli za kesho zitakuwa na akili zaidi. Ni kweli kwamba zinaendelea kuwa bora. Ajenti mzuri anaweza kutazama matokeo, akaona ukuta umekaa mshazari, akajirekebisha. Lakini kila kujirekebisha kunalipiwa, na yako mambo ambayo akili haiwezi kuyajua hata ingekuwa nyingi namna gani. Kama chombo chako kinapokea radiani na hukuandika, habari hiyo iko kichwani mwako tu. Mwenye akili kuliko wote duniani hawezi kusoma tangazo ambalo halikutangazwa.

Na wenye kutengeneza modeli hizo hawasemi “itajua yenyewe”. Mwezi wa Desemba 2024 Anthropic ilieleza namna ilivyomtengeneza ajenti wa kurekebisha programu. Iliandika kwamba wahandisi wake walitumia muda mwingi kwenye kunyoosha vyombo kuliko kwenye maagizo makuu yenyewe. Ilitoa na mfano: ajenti alikuwa anakosea njia za faili kila alipohama kutoka folda ya mwanzo, kwa sababu chombo kilikubali njia fupi inayotegemea mahali alipo. Hawakungoja modeli yenye akili zaidi. Walibadilisha chombo kidai njia kamili tangu mwanzo wa diski, na makosa yakaisha.

Kama wao, wenye modeli mikononi, wanaketi na kuandika upya maelezo ya chombo, kijana wa mtaa wa Himbi ao wa Kadutu ana sababu gani ya kuamini kwamba yake yatajiandika?

Maelezo mazuri yanafanana na nini

Chombo kile cha “zungusha” kinaweza kuandikwa hivi:

“geuza_kitu: Kinageuza kitu kimoja kilicho tayari kwenye mchezo, kikiwa kimesimama palepale. Hakisogezi kitu, kwa kusogeza tumia sogeza_kitu. Pembe inaandikwa kwa digrii, kutoka 0 mpaka 360, na inahesabiwa kuanzia mkao wa mwanzo wa kitu, siyo kuanzia mkao wake wa sasa. Jina la kitu liandikwe kamili kama lilivyo kwenye orodha ya vitu, kwa mfano Barabara/Ukuta3. Kikimaliza, kinarudisha pembe mpya ya kitu.”

Ni sentensi tano. Zinasema chombo kinafanya nini, hakifanyi nini, kitumike kipi badala yake, kipimo ni kipi, mfano wa kujaza, na jibu litakalorudi. Na ndani ya chombo kijana amegeuza digrii kuwa radiani mwenyewe, mara moja, kwa mstari mmoja, badala ya kumwachia ajenti hesabu hiyo kila siku.

Chombo cha kuondoa kinahitaji kugawanywa viwili: “hamisha_kitu” na “futa_kitu_kabisa”. Majina yenyewe yanaonya. Maelezo ya cha pili yaseme wazi: “Kinafuta kitu pamoja na vyote vilivyo chini yake. Hakuna kurudisha. Usikitumie kama mtu ameomba kitu kisogezwe ao kifichwe. Kabla ya kukitumia, mwonyeshe mtu orodha ya vitakavyofutwa.”

Majibu ya makosa nayo ni sehemu ya tangazo. Chombo kinachorudisha “Kosa 12” kinamwacha ajenti gizani, naye atajaribu ovyo. Chombo kinachorudisha “Hakuna kitu kinachoitwa Ukuta4, vilivyopo ni Ukuta1, Ukuta2, Ukuta3” kimemrudisha njiani kwa hatua moja. Ni kama mlinzi wa lango: mmoja anasema “hapana” na kugeuza kichwa, mwingine anasema “siyo hapa, mlango wa pili upande wa kushoto.”

Wako watakaopinga kwa hoja yenye uzito: maelezo marefu nayo yanakula tokeni, kwa sababu maelezo ya vyombo vyote yanatumwa kwa modeli pamoja na maombi. Ni kweli. Kijana mwenye vyombo 40, kila kimoja na ukurasa mzima, atamaliza mega zake kabla ya kazi kuanza, na ajenti atachanganyikiwa kati ya vyombo vinavyofanana. Dawa siyo kurudi kwenye “Kuzungusha kitu.” Dawa ni kupunguza vyombo visivyotumika, kuunganisha vinavyofanana, na kutoa kwenye maelezo kila neno la kujisifu. “Chombo hiki cha kisasa na chenye nguvu” hakimwambii ajenti chochote. “Kwa digrii” kinamwambia kila kitu. Anayetunga tangazo la redio anajua kazi hii: nusu dakika, na bado mtu ajue mahali, saa, na cha kubeba.

Kiswahili si kizuizi

Hoja nyingine inasikika mara nyingi zaidi, na inauma: “Sisi Kiingereza chetu ni kidogo, hatuwezi kuandika maelezo mazuri.” Hapa lazima kutenganisha ukweli na woga.

Ukweli ni kwamba modeli hizi zimesoma maandiko mengi sana ya Kiingereza na machache ya Kiswahili, na Kiswahili cha Kivu zimesoma kidogo zaidi. Ni kweli pia kwamba neno la Kiswahili mara nyingi linakatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza, kwa hiyo maandiko ya maana ileile yanaweza kugharimu tokeni nyingi zaidi. Kijana anayeweza kuandika maelezo kwa Kiingereza ao Kifaransa rahisi ana sababu ya kufanya hivyo.

Lakini uwazi hauanzii kwenye lugha. “Rotate object” ni Kiingereza safi, na ni bovu sawasawa na “Kuzungusha kitu.” Kilichokosekana ni kipimo, mwanzo wa kuhesabu na mipaka, na hivyo vinafikiriwa kwa lugha ambayo mtu anaota nayo. Kijana aandike kwanza kwa Kiswahili mpaka kusiwe na shimo, kisha atafsiri. Akitafsiri kitu kilicho wazi, hata kwa Kiingereza cha kuvunjika, kitabaki wazi. Akitafsiri ukungu, atapata ukungu wa kigeni.

Na ufundi huu wa kueleza uko hapa tayari. Mama anayemtuma mtoto kwa ndugu yake mtaa wa mbali anamwambia ashuke wapi kwenye moto, apite upande gani wa kisima, asiingie nyumba ya bati jekundu kwa sababu siyo yenyewe, na akikosa mtu aulize jina gani. Ameweka lengo, mipaka, onyo na la kufanya mambo yakiharibika. Kijana aliyelelewa na matangazo ya namna hiyo hana sababu ya kuandika “Kuondoa kitu” na kunyamaza.

Maandiko siyo kufuli

Ingekuwa uongo mwingine kusema kwamba maelezo mazuri yanatosha. Mwezi wa Julai 2025, mfanyabiashara mmoja wa Marekani alieleza hadharani namna ajenti alivyofuta hifadhi ya data ya kazi yake, ingawa alikuwa amemwandikia wazi asibadilishe kitu. Maneno yalikuwapo, ajenti aliyapita. Tangazo linaongoza, lakini halifungi mlango.

Kwa hiyo kinachoweza kuangamiza kazi kifungwe kwa kufuli ya kweli. Chombo cha kufuta kisifanye kitu mpaka mtu mwenyewe abonyeze kukubali. Nakala ya mchezo ihifadhiwe kwa Git kabla ajenti hajaanza. Git ni ya bure na inahifadhi kwenye ordinateri yenyewe bila intaneti. Kiwango cha MCP kina alama za kuonyesha kwamba chombo kinasoma tu ao kwamba kinaweza kuharibu, na ni vizuri kuziweka, lakini kiwango chenyewe kinaonya kwamba alama hizo ni dokezo tu, zisiaminiwe kama hazikutoka kwa mtu unayemwamini.

Onyo hilo lina sababu. Mwezi wa Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha kwamba mtu mbaya anaweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya chombo: mtumiaji anaona chombo cha kawaida cha hesabu, lakini ajenti anasoma pale amri ya kuchukua faili za siri na kuzituma nje. Maelezo ambayo vijana wanayadharau, wezi wameshajua thamani yake. Anayechukua chombo cha bure kwenye intaneti asome maelezo yake yote, mstari kwa mstari, kabla ya kumpa ajenti. Asiyejizoeza kuandika maelezo hatajua kuyasoma.

Kazi ya kufanya kabla umeme haujarudi

Wanaoendesha sentre za mafunzo ya vijana waache kufundisha vyombo kama kwamba ni programu tu. Wiki nzima inakwenda kwenye kuandika amri za ndani, na maelezo yanaachwa dakika mbili za mwisho, ama anaambiwa ajenti ajiandikie mwenyewe na hakuna anayesoma alichoandika. Mashirika yanayoleta ordinateri kwa vijana waliokimbia vita yalete pia saa za kujifunza kuandika, kwa sababu ordinateri bila saa hizo itafuta mchezo mmoja baada ya mwingine.

Jaribio la kupima maelezo halihitaji mashine. Kijana amsomee mtu asiyejua programu, dada yake ao jirani wa hema la pili, maelezo ya chombo kwa sauti, kisha amuulize: “Nikikupa chombo hiki na kukuomba ugeuze ukuta robo ya duara, utaandika nini?” Jirani akijibu “90, kwa digrii”, maelezo yamepita. Akiuliza “90 ya nini?”, maelezo yameanguka, na ajenti naye ataanguka palepale.

Sehemu hii ya kutengeneza mchezo inafanyika kwa kaye na kalamu, mchana, chini ya turubai, umeme ukiwa umekatika na mega zikiwa zimekwisha. Jioni umeme ukirudi, kijana anaingiza kwenye ordinateri maelezo yaliyokwisha kujaribiwa, na mega chache alizonazo zinakwenda kwenye chukudu, kona na mashu yake. Anayemwambia aache kaye kwa sababu mashine itajua yenyewe, kwanza amrudishie zile mega.